Barua kwa Bwana Mbotela



Mhariri wetu aliniomba tangu mwezi wa Februari mwaka 2025 niandike machache juu ya marehemu Leonard Mambo Mbotela. Alisema mimi ni mtu wa Kisauni na tena ni mtu wa umeme, kwa hiyo redio inanihusu mara mbili. Nikakubali haraka, kama tunavyokubali mambo tukiwa kwenye simu. Kisha nikachelewa. Ameniuliza mara nne na mara zote nimemjibu kwamba kazi zimenizidi. Kazi hazikunizidi. Sababu yenyewe nitaifikia huko mbele, niachieni kwanza nizungumze.

Habari za kifo chake zilinikuta kazini, siku ya Ijumaa, tarehe 7 Februari. Nilikuwa ndani ya kituo kidogo cha kugawia umeme, mahali ambapo simu huwa inazimwa, na nilipotoka nikaiwasha ikaanza kutetemeka mfukoni kama imeshikwa na homa. Jumbe 43. Mtu akiona jumbe 43 kutoka nyumbani kwa mpigo, moyo hauendi kwa mtangazaji wa redio. Unakwenda kwa dada, kwa shangazi, kwa watoto wa ndugu. Niliposoma kwamba ni Mbotela, amefariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 84, nilishusha pumzi kwa nafuu. Kisha nikaona haya kwa ile nafuu. Kisha nikakaa kwenye gari muda mrefu kuliko nilivyotakiwa.

Kwa wasomaji wetu wa Tanzania, Kongo na Burundi ambao huenda hawakumjua vizuri, niseme kidogo. Mbotela aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, nchi ikiwa na uhuru mbichi, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi kilichoitwa "Je, Huu ni Ungwana?" Kilidumu zaidi ya miaka 50. Kilikuwa kipindi cha adabu tu. Mtu anakwenda kumtembelea mgonjwa, anakula chakula cha mgonjwa. Mtu anapanda basi na kuongea kwa sauti ya kuwaamsha waliolala. Yeye anakieleza kisa polepole, kwa ile sauti nene yenye kicheko kwa mbali, halafu anauliza lile swali. Hakuwa akitukana mtu wala kuhubiri. Aliuliza tu, na wewe uliyekuwa umekaa kwenye kiti chako ukajikuta unajipapasa, je, anisema mimi?

Swali lenyewe lina historia ambayo watu wengi wa bara hawakuijua. Sisi wa pwani tunajua kwamba neno "mwungwana" zamani halikuwa sifa ya tabia. Lilikuwa ni daraja. Mwungwana ni yule aliyezaliwa huru, na kinyume chake ni mtumwa, na wazee wetu (Mungu awasamehe) walipima watu kwa mizani hiyo katika ndoa, katika mazishi, hata katika nani aketi wapi barazani. Sasa Mbotela alizaliwa mwaka 1940 pale Freretown, kijiji walichokalishwa watumwa waliokombolewa, miaka ya 1870, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mtu wa ukoo wake, James Mbotela, ndiye aliyeandika "Uhuru wa Watumwa", kitabu kilichotoka mwaka 1934, kinachosimulia jinsi watu walivyokamatwa, wakasafirishwa, wakakombolewa na manowari za Kiingereza na kuanza maisha upya pale. Kengele ya Freretown bado ipo, na ndiyo iliyopatia jina mahali panapoitwa Kengeleni. Nilikuwa nikipita chini yake kila siku nikienda shule bila kuitazama.

Kwa hivyo huyu mtu, mjukuu wa Freretown, ndiye aliyelichukua lile neno la daraja, akaliweka kwenye redio ya taifa, akaliuliza kwa miaka hamsini kana kwamba siku zote lilikuwa neno la adabu, na kila mtu, awe amezaliwa ikulu au kibandani, alipaswa kulijibu kwa matendo yake. Sijapata kumsikia akieleza kwamba ndivyo alivyokusudia. Lakini babangu, ambaye ndiye aliyenionyesha jambo hili, alikuwa akicheka peke yake kila kipindi kikianza. "Muangalie," alikuwa akisema. "Awauliza waungwana kama wao ni waungwana."

Babangu alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa Kisauni, mwendo mfupi kutoka Kengeleni, ukuta mmoja wa mabati na tatu za mbao za masanduku. Ndani mlikuwa na redio za watu zilizopangwa kama wagonjwa wodini: National, Sanyo, Philips za vali ambazo zilichukua dakika nzima kupata moto ndipo zizungumze. Kazi yangu tangu nikiwa na miaka minane ilikuwa kuanika betri juani. Mnakumbuka? Betri zikiisha nguvu hazikutupwa, zilipangwa juu ya bati zipate joto, zikarudishwa, na redio ikazungumza nusu saa nyingine. Miaka mingi baadaye, kwenye darasa la chuo kikuu kaskazini ya Uingereza, mwalimu alipoeleza namna joto linavyoharakisha kazi ya kemikali ndani ya betri kavu, mimi peke yangu darasani ndiye niliyecheka.

Hapo kibandani ndipo tulipoisikia sauti ya Mbotela siku ambayo hatukutaka kuisikia. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Nilikuwa na miaka 12. Asubuhi ilianza kwa nyimbo za kijeshi, na babangu akadhani redio aliyoitengeneza imehama stesheni. Kisha ikaja ile sauti tuliyoizoea, ikitangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Wanajeshi wa anga walikuwa wamemfuata nyumbani kwake kukiwa hakujapambazuka, wakamchukua mpaka studio na kumweka mbele ya maikrofoni. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile watu waliokusanyika kibandani walianza kubishana, wengine wakifurahi, wengine wakiulizana kama benki zitafunguliwa Jumatatu. Babangu aliwanyamazisha kwa mkono. Akainama, akaweka sikio karibu na spika kama daktari, akasema, "Huyu hasemi. Anasemeshwa."

Siku hiyohiyo majeshi tiifu kwa serikali yaliikomboa stesheni, na ni Mbotela huyohuyo aliyetangaza kwamba mapinduzi yameshindwa. Mtu mmoja, sauti moja, serikali mbili kwa kutwa moja. Nimefanya kazi na mitambo maisha yangu yote na naweza kuwaambia kwamba mitambo haijui nani anayeitumia. Lakini babangu alizijua sauti mbili zile. Alisema ile ya pili ilikuwa imechoka, ila ilikuwa yake.

Mpira sitausema sana, wenzangu wa Nairobi wataandika, wanaupenda kuliko mimi. Niseme tu kwamba kumsikiliza Mbotela akitangaza mechi ilikuwa ni raha ya pekee, na sisi wa Kisauni tulitaniana kwamba mechi anayoitangaza yeye na ile inayochezwa uwanjani mara nyingine si moja, yake ni tamu zaidi. Agosti 1987 Kenya ilipofungwa na Misri 1-0 kwenye fainali ya Michezo ya Afrika pale Kasarani, babangu alikuwa na redio sita za wateja mezani na zote aliziwasha, akisema ni majaribio. Na Desemba ya mwaka uleule Gor Mahia walipochukua kombe la Mandela mbele ya Espérance ya Tunisia, kwa goli la ugenini, zile zile sita zilikuwa bado hazijachukuliwa na wenyewe.

Mchana tulikuwa watu wa Nairobi. Usiku tulikuwa watu wa Dar es Salaam. Hili ni jambo la fizikia na naomba mnivumilie. Mawimbi ya masafa ya kati mchana hayaendi mbali, kwa kuwa kuna tabaka la hewa huko juu ambalo jua likiwaka linayameza. Jua likitua tabaka lile linafifia, mawimbi yanapanda mpaka tabaka la juu zaidi, yanagonga, yanarudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Kwa hivyo magharibi ikishaingia, Redio Tanzania ilikuwa ikija Kisauni taratibu, kwanza kama mtu anayekaanga samaki, kisha gitaa, kisha sauti za waimbaji. Hapo ndipo nilipomsikia King Kiki.

Na yeye ametuacha, Novemba 2024, miezi mitatu tu kabla ya Mbotela. Kikumbi Mwanza Mpango, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuja Dar es Salaam na kuwa Mtanzania kuliko Watanzania. Alipitia Maquis, akaongoza Double O, na mpaka uzeeni alikuwa na bendi yake ya Wazee Sugu. Wimbo wake wa "Kitambaa Cheupe" nadhani hakuna harusi ya Waswahili ninayoijua, kuanzia Muscat mpaka Minneapolis, ambayo haujapigwa. Kuna Mkongo mmoja hapa kwetu na Mzaramo mmoja ambao hawajakubaliana jambo lolote kwa miaka ishirini, kuanzia siasa mpaka jinsi ya kupika dagaa, lakini wimbo huo ukipigwa wote wawili wanadai ni wa kwao, na wote wawili wana haki.

Niwe mkweli, orodha ni ndefu na kila mwaka inaongezeka. Mzee Ojwang alituacha Julai 2015, yule Mkikuyu aliyeifanya Kenya nzima iamini ni Mjaluo. King Majuto wa Tanga, Agosti 2018. Na kuna jambo moja linanikera ambalo lazima niliseme hata kama litawaudhi baadhi yetu kwenye kamati. Mzee Ojwang alipoanza kupoteza nuru ya macho, Wakenya walisikia wakachanga, akatibiwa. Vizuri sana. Lakini mtu aliyewachekesha watu kwa miongo mitatu kwenye televisheni alihitaji kuonekana anapapasa ukuta ndipo tukumbuke kwamba hakuwahi kutulipisha. Na sisi huku ughaibuni hatuna tofauti. Jumuiya yetu ina mfuko wa maiti na hatuna hata siku moja tuliyojadili mfuko wa wazima. Nimekuwa mweka hazina kwa miaka sita, kwa hivyo nimo kwenye lawama, tena mbele.

Basi. Nirudi kwenye habari yangu.

Mwishoni mwa Februari jumuiya iliandaa jioni ya kuwakumbuka wote wawili, Mbotela na King Kiki, katika ukumbi ule tunaokodi, ule wenye mabomba ya joto yanayogonga kama fundi bati. Mahamri yalikuwapo, viazi karai, chai ya tangawizi. Nikaombwa niseme dakika kumi juu ya Mbotela. Nikajiambia, nitafute kisa kimoja cha kuchekesha kutoka kibandani, na nikakumbuka kwamba nina daftari la babangu.

Babangu alifariki Machi 2002. Sikuhudhuria maziko yake. Pasipoti yangu ilikuwa imelala kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, ikisubiri muhuri, na mtu wa dirishani aliniambia kwa upole kabisa kwamba naweza kuichukua niende, ila nikitoka sitarudi. Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi saba. Nikabaki. Nilikwenda mwaka 2004, na dadangu akanikabidhi sanduku la mabati: redio moja ya National, pasi ya solda, na daftari kubwa la kuandikia kazi za wateja. Nilirudi nalo Uingereza, nikaliweka juu ya kabati, na kwa miaka 21 nikalifungua pengine mara mbili. Nilikuwa nikisoma kurasa tatu nne za mwanzo, naona mwandiko wake, nalifunga.

Usiku wa kuamkia ile hafla nililifungua nikalisoma kama mhandisi anavyosoma daftari la mtambo, kuanzia ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari.

Babangu aliandika vizuri. Kila redio ina mstari wake: tarehe, jina la mwenyewe, aina, ugonjwa (ndilo neno alilotumia, ugonjwa), alichobadilisha, bei. Na katikati ya ugonjwa na dawa kuna namba. Volti kwenye betri, volti kwenye kila mguu wa transista, ukinzani wa koili ya spika. Namba nadhifu, za mtu anayepima kabla ya kugusa. Mimi nina vijana wenye digrii ambao hawaandiki hivyo.

Nilipofika Agosti 1990, namba zikakoma.

Nilidhani nimeruka ukurasa. Nikarudi nyuma. Hapana. Tarehe zipo, majina yapo, bei zipo, ila volti hazipo tena, wala ukinzani, mpaka mwisho wa daftari. Badala yake kuna maneno: "nimesikiliza", "nimegusa", "nadhani kapasita". Na baadhi ya redio zimerudi mara mbili, mara tatu, na bei imefutwa na kuandikwa "bure, kosa langu".

Mimi niliondoka Mombasa Septemba 1990.

Babangu alikuwa na mita ya kupimia, Avo, ile kubwa nyeusi ya Kiingereza, aliyoinunua kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihama. Hapakuwa na nyingine kama hiyo Kisauni nzima. Tiketi yangu ilipotafutwa, majirani walichanga, shangazi aliuza bangili, na babangu alisema sehemu iliyobaki ameipata. Sikuuliza ameipata wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na kichwa changu kilikuwa kimeshapanda ndege. Nakumbuka hata niliona ile nafasi tupu mezani, nikamuuliza mita iko wapi, akaniambia imezeeka ameipeleka kutengenezwa. Mnielewe vizuri, ndugu zangu: fundi bila mita ni daktari aliyetoa masikio yake. Alifanya kazi hivyo kwa miaka kumi na miwili, kwa kidole na kwa kubahatisha, akirudishia watu pesa zao.

Nilikuwa karibu kulifunga daftari. Saa ilikuwa imeshapita nane za usiku. Kwenye kurasa za nyuma, zile za mwisho ambazo mtu huandikia hesabu za nyumbani, nikakuta barua. Tarehe ya juu ni 14 Juni 1996. Imeandikwa, ikafutwafutwa, ikaandikwa tena chini yake kwa usafi. Nainakili ile ya chini kama ilivyo:

"Kwa Bwana Mambo Mbotela, Sauti ya Kenya, Nairobi. Salamu nyingi baada ya salamu. Mimi ni msikizaji wako wa siku nyingi hapa Kisauni, karibu na kwenu Kengeleni. Nina jirani yangu mmoja ana mtoto Ulaya. Mtoto ni mwema, hana makosa. Pesa aleta na jirani hadai kitu. Lakini huu ni mwaka wa nne barua zake hazina maneno, ni hesabu tupu, hizi za dawa, hizi za nyumba. Jirani yangu hajui mtoto ala nini wala alala wapi wala baridi yake ikoje. Sasa jirani aniuliza mimi na mimi nakuuliza wewe. Mzazi akimwandikia mtoto kumwambia maneno haya, je, huu ni ungwana? Ama anyamaze tu. Jibu ukitoa kwenye redio atasikia."

Chini yake, kwa kalamu ileile: "National, spika imepasuka, sh. 150."

Nieleze miaka ile minne. Mwaka 1992 nilianguka mtihani wa mwaka wa pili. Si kwa ujinga, kwa njaa na kwa kusoma nikiwa nimesinzia, lakini kuanguka ni kuanguka. Chuo kikanisimamisha. Nikapata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, nikiweka mikate kwenye trei kuanzia saa nne za usiku mpaka alfajiri, nikilala chumba kimoja na Wasomali watatu kwa zamu. Kutoka huko ndiko nilikotoa pesa nilizokuwa nikituma. Kumwandikia ukweli sikuweza, kwani Kisauni nzima ilikuwa inajua kwamba mtoto wa fundi anasomea uhandisi. Kumwandikia uongo pia sikuweza, babangu alikuwa anazijua sauti, hata za karatasi. Basi nikaandika hesabu. Nilirudi chuoni baadaye, nikahitimu mwaka 1997, na hapo ndipo nilipompelekea picha nikiwa na joho. Baada ya hapo tulikuwa tukizungumza kwa simu ya duka la jirani, dakika tatu, laini ikikatika, yeye akiuliza hujambo mwanangu, nami nikijibu sijambo baba. Hakunitajia barua. Sikumtajia mikate.

Kesho yake nilikwenda ukumbini na daftari likiwa ndani ya gari. Nilipopewa maikrofoni nilisimulia habari ya redio sita za Kasarani, watu wakacheka sana. Nikasimulia betri za juani, wakacheka zaidi, kina mama wakapiga vigelegele. Nikaeleza habari ya neno ungwana na Freretown, na mzee mmoja wa Lamu akanyanyuka kunipa mkono. Nikakaa. Dakika kumi zikawa zimekwisha na nilikuwa sijasema hata neno moja la kweli juu ya yale niliyoyasoma usiku.

Halafu vijana wakaweka "Kitambaa Cheupe". Hapakuwa na vitambaa, basi watu wakachukua tishu za mezani, ukumbi mzima ukajaa karatasi nyeupe zikipepea, yule Mkongo na yule Mzaramo wameshikana mabega. Mke wangu akanivuta mkono. Nikasimama na mimi, nikapunga tishu yangu, na kwa muda wa wimbo ule nilikuwa kibandani, ni usiku, na babangu anazungusha kitafutio kidogo kidogo ili Dar es Salaam isipotee.

Tulipofika nyumbani nikampigia dadangu. Kwao ilikuwa inakaribia alfajiri na alishaamka kwa ajili ya sala. Nikamsomea barua yote. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kama zamani.

Nikamuuliza, "Aliipeleka?"

"Sijui kama aliipeleka," akasema. "Ila mwaka huo, ule wa tisini na sita, alitutesa sana na kile kipindi. Kikianza hakuna kusema, hakuna kukohoa, hata mteja akija anaambiwa angoja nje. Anavuta kiti mpaka spika inamgusa. Sisi tukadhani masikio yameanza kwenda."

Nikamuuliza aliendelea hivyo kwa muda gani.

"Mpaka redio ilipoharibika," akasema. "Na hiyo aliitengeneza siku hiyohiyo, kabla ya za watu."